Bi Buku na Mgombea wa Viti Vitano

Vuteni pumzi!

— Tumevuta!

Zishikeni!

— Mmmmm!

Zina ladha gani?

— Mmmmm!

Ziachieni!

— Haaaa!

Wewe mwenye kipande cha muwa mdomoni, sikukusikia. Tema hayo makapi, vuta upya. Haya, achia. Sasa naona sote tuna pumzi za kututosha, maana hadithi yenyewe ni ya pumzi, na asiye nazo asije kunikatisha katikati akidai anataka maji.

Hapo kale, si kale ya jana wala kale ya kale, ile kale ya katikati, wanyama wa bonde la Mto Mapovu walikuwa na chama chao cha kitaalamu. Kiliitwa Chama cha Wajuzi wa Pumzi. Usicheke, kilikuwa chama cha heshima. Kila mwanachama alikuwa na elimu yake. Twiga alikuwa mjuzi wa koo, kwa sababu la kwake lilikuwa refu hata kikohozi kikianzia chini kilifika juu kimechoka. Chura alikuwa mjuzi wa kuvuta hewa kwa ngozi. Kobe alikuwa mjuzi wa kupumua polepole, na yeye ndiye aliyetunza katiba ya chama. Kuitunza hakukumsumbua, kwa kuwa katiba ilichongwa juu ya gamba lake. Ukitaka kusoma kifungu, unamsalimia Kobe, halafu unamzunguka.

Na palikuwa na Bi Buku. Bi Buku alikuwa panya buku, mwenye mashavu ya kuwekea akiba na pua isiyodanganywa. Ukimpumulia mara moja tu, anachezesha ndevu, nusa nusa nusa, anakwambia: kifua chako kizima, nenda kacheze. Au anakwambia: kifua chako kina jambo, kaa hapa. Hajawahi kukosea. Lakini alikuwa mdogo, na katika mikutano aliketishwa nyuma, mahali ambapo ukinyoosha mkono unaonekana umenyoosha unyasi.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Alipewa uenyekiti kwa sababu aliweza kuzama na kukaa chini ya maji bila kupumua mpaka walio ukingoni wakaanza kupanga matanga. Ndipo anaibuka, pwaaa! na kuuliza, "Mlikuwa mnamlilia nani?" Basi wakasema, huyu ndiye mwenye pumzi kutuzidi sote, atuongoze. Walisahau kwamba kuwa nacho kitu ni jambo moja na kukigawa ni jambo lingine.

Chama kilikuwa na mali moja tu, chungu kikubwa cha nyungu. Mnajua nyungu? Unachemsha majani ya kivumbasi na mchaichai na mpera, unajifunika, unavuta ule mvuke, kifua kinafunguka. Chungu kile wanachama wote walikifinyanga, mmoja akileta udongo, mwingine maji, mwingine kuni za kukichomea. Kiboko alipopata uenyekiti alikihamishia dimbwini kwake. "Kwa usalama," alisema. Tangu siku hiyo kila asubuhi alijifukiza yeye peke yake, hana kikohozi wala mafua, analainisha sauti tu.

Sasa ikafika miezi ile ya kuchoma majani. Moshi ulitanda bondeni asubuhi na jioni, na mume wa Bi Buku akabanwa kifua. Alikuwa mume mpole, fundi wa kuchimba mashimo, hodari wa kubeba karanga. Alilala kwenye majani makavu, na kila alipovuta pumzi kifua chake kilipiga filimbi: fyuu-hii, fyuu-hii. Bi Buku alimnusa mara moja akajua. Aliijua dawa pia, na mahali dawa ilipo. Iliyobaki ni ruhusa, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Akaenda dimbwini. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Una barua?"

"Barua ya nini, Mheshimiwa? Mume wangu amebanwa kifua, naomba chungu kwa siku moja tu."

"Katiba ni katiba," akasema Kiboko. "Lete barua."

Bi Buku akaandika barua kwenye jani la mgomba, akaileta. Kiboko akaipokea. Akaitazama. Akaila. Chwa, chwa, chwa.

"Mheshimiwa, hiyo ilikuwa barua!"

"Imefika ofisini," akasema Kiboko, akapapasa tumbo.

Bi Buku akaandika barua ya pili. Kiboko akaipokea. Akaitazama. Akaila. Bi Buku akaandika barua ya tatu. Kiboko akaipokea. Hakuitazama hata kidogo, akaila, kisha akauliza kama ile itakayofuata ingeweza kuja na chumvi.

Bi Buku alirudi nyumbani. Njiani alisikia filimbi kabla hajafika mlangoni, fyuu-hii, fyuu-hii, na alikaa nje kwanza akafuta macho, maana mgonjwa hapendi kuonyeshwa machozi. Halafu akafikiri. Panya buku akifikiri mashavu yanajaa kana kwamba ameweka karanga. Yalijaa, yalijaa, kisha akainuka akaenda kwa Kobe.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kunisalimia au kunisoma?"

"Vyote viwili, mzee. Uchaguzi wa chama ni lini?"

"Mwezi ukiandama. Viti ni vitano: Mwenyekiti, Makamu, Katibu, Mjumbe na Mtunza Chungu."

Bi Buku akaanza kumzunguka. Juu ya gamba, mahali pa wazi, palichongwa kile kifungu ambacho kila mtu alikijua: *Mgombea ajieleze kwa pumzi moja. Pumzi ikikatika kabla hajamaliza, jina lake limekatika.* Ndiyo ilikuwa desturi yao, na kwa chama cha pumzi ni desturi ya haki. Bi Buku akaendelea kuzunguka. Akafika nyuma. Akainama chini ya mkia, mahali ambapo Twiga hawezi kuinama na Kiboko haingizi pua. Pale palikuwa na mstari mdogo, umejaa vumbi. Akaupuliza, fuu! Akausoma.

*Anayegombea viti vingi, pumzi ni ileile moja. Ikikatika, amekatika kotekote.*

"Mzee Kobe, huu mstari wa mkiani unatumika?"

"Kama upo umechongwa, unatumika," akasema Kobe. "Tangu nizaliwe hajatokea mlafi wa kuutumia."

"Nipe fomu ya Mtunza Chungu," akasema Bi Buku. "Na zile nyingine nne usizifiche mbali."

Siku ya pili akaenda dimbwini. Safari hii hakubeba barua. Kiboko alikuwa akifanya mazoezi ya uchaguzi: anazama, bubu-bubu-bubu, anakaa chini, anaibuka, pwaaa! Ukingoni alikaa Chura, mpambe wake wa kampeni, kazi yake kusifia. Kila Kiboko akiibuka, Chura alipaza sauti, "Kiboko!" Na watu waliitikia, "Hoyee!" Lakini aliyeitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa Kiboko mwenyewe. Hakuweza kujizuia. Ukilitaja jina lake tu, kichwa kinapanda, mdomo unafunguka kama mlango wa ghala, "Hoyeeee!" Bi Buku aliliona hilo, akaliweka shavuni.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimesikia unagombea uenyekiti peke yake. Pole."

"Pole ya nini?"

"Si mimi ninayesema, ni walimwengu. Wanasema zamani Kiboko angegombea na umakamu pia. Siku hizi kifua kimepungua."

"Kimepungua? Changu? Chura, nenda kachukue fomu ya Makamu!"

Siku ya tatu akaja tena. "Shikamoo, Mheshimiwa. Nimesikia una fomu mbili. Pole."

"Pole ya nini tena?"

"Walimwengu, Mheshimiwa! Wanasema viti viwili hata Twiga anaviweza."

"Chura! Fomu ya Katibu! Na ya Mjumbe!"

Siku ya nne akaja na fomu yake mwenyewe ameikumbatia kifuani. "Shikamoo, Mheshimiwa. Hongera kwa fomu nne. Hiki cha tano cha Mtunza Chungu niachie mimi mnyonge. Usikitamani. Kifua cha kiumbe kina mwisho wake."

Kiboko akageuka mweusi, akageuka wa zambarau. "Kifua changu hakina mwisho! Chura! Fomu ya tano!"

"Lakini Mheshimiwa," akasema Chura kwa sauti ndogo, "kujieleza kwa viti vitano ni maneno mengi, na mazoezi yetu yote ni ya kunyamaza..."

"Pumzi ni pumzi!" akanguruma Kiboko, akazama, bubu-bubu-bubu.

Hapo ndipo alipokosea, na nyie mliosoma mnielewe. Kuzuia pumzi ni kazi moja. Kuitoa kidogo kidogo huku unasema ni kazi nyingine kabisa. Mwenye debe la maji si lazima ajue kumwagilia bustani. Bi Buku alilijua hilo kwa kuwa alinusa vifua vya kila namna. Kiboko hakulijua kwa kuwa alikuwa na kifua kimoja tu, cha kwake, na alikipenda mno kukichunguza.

Bi Buku akarudi nyumbani kumwelezea mumewe.

"Umempa... fyuu... hata kile cha tano?" akauliza Bwana Buku.

"Sikumpa. Nimemkataza."

"Ni kulekule. Na... fyuu-hii... akiweza?"

Bi Buku akamgeuzia majani ya kulalia. Akiweza, chungu kingekuwa cha Kiboko kwa maandishi, na hata barua zisingekuwa na pa kupelekwa. Alijua hivyo. Alikuwa ameweka pumzi za mumewe juu ya meza moja ya kamari na majivuno ya Kiboko.

Akaanza mazoezi yake. Kifua cha Bi Buku hakikuzidi kokwa la ubuyu. Alikuwa ameandaa hotuba nzuri, ina utangulizi, ina sera saba, ina methali mbili na shukrani. Akavuta pumzi, akaanza. Alifika sera ya pili akaishiwa, hii! Akarudia. Akafika sera ya pili na nusu, hii! Akarudia mpaka akaona nyota mchana.

Mumewe akamwita kwa mkono. "Mke wangu. Mimi pumzi zangu... fyuu... ni za kuhesabu. Nikitaka maji... nasema maji. Sielezi... fyuu... nilikotoka."

Bi Buku akamtazama. Kumbe katika Chama kizima cha Wajuzi wa Pumzi, mjuzi kuliko wote alikuwa amelala kwenye majani makavu, wala hakuwa mwanachama. Akaikunja ile hotuba, akaitia chini ya mto wa mgonjwa ili kichwa kiinuke kidogo. Hotuba nzuri haikosi kazi.

Mwezi ukaandama. Asubuhi na mapema wanachama wakakusanyika kwenye mchanga wa ukingoni. Twiga alikuwepo, Ngiri alikuwepo, Chura alikuwepo na kilemba cha majani. Kobe akaingia, akachukua muda wake, akafika.

"Ndugu wanachama," akasema, "kila mgombea atajieleza kwa pumzi moja. Na mstari wa mkiani unasema, anayegombea viti vingi, pumzi ni ileile moja. Ikikatika, amekatika kotekote. Mheshimiwa Kiboko, una viti vitano. Umesikia?"

"Nimesikia!" akacheka Kiboko. "Wengine wataomba pumzi tano. Mimi hata hiyo moja itabaki. Katiba ni katiba!"

"Taarifa, Mzee Kobe!" Sauti ndogo ilitoka nyuma. Bi Buku alikuwa amepanda juu ya jiwe. "Mimi naomba jambo moja tu. Sisi wadogo tunapohutubia tunasema itifaki imezingatiwa, tunaruka, tunaendelea. Lakini mtu wa viti vitano si mdogo. Asije akafupisha itifaki kama sisi. Tutamwona amekonda."

"Kufupisha?" akasema Kiboko. "Mimi? Leo mtasikia itifaki mpaka mkome!"

Akapanda juu ya kichuguu. Akavuta pumzi. Hooooooo! Majani ya mwanzi yakalala upande wake. Kilemba cha Chura kikang'oka kikaruka. Nzi wanane wakaingia na hawakuonekana tena. Akafunga mdomo, akajivimbisha, akakaa kimya kwanza ili watu wamwone. Watu wakamwona. Akakaa. Akazidi kukaa. Ndivyo alivyozoea dimbwini. Ndipo akafungua mdomo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama, ambaye ni mimi! Mheshimiwa Mwenyekiti mtarajiwa, ambaye ni mimi! Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti mtarajiwa, ambaye ni mimi huyuhuyu! Mheshimiwa Katibu mtarajiwa, mchapakazi, msomi, ambaye ni mimi! Mheshimiwa Mjumbe mtarajiwa, ambaye si mwingine! Mheshimiwa Mtunza Chungu mtarajiwa, mlezi wa mvuke, nikiwa ni mimi! Wazee wa ukingo huu, wazee wa ukingo ule, wageni waalikwa mliofika, wageni waalikwa msiofika..."

Ngiri alianza kusinzia. Bi Buku hakusinzia. Alikuwa anasikiliza kifua, si maneno. Mwanzoni kilivuma vuuu. Kikaja kikavuma fuu. Sasa kilikuwa kinasema fii, kamba ya sauti imebaki nyembamba. Kinaisha, alijiambia, kinaisha.

"...mabibi na mabwana," akasema Kiboko.

Moyo wa Bi Buku ukaruka. Mabibi na mabwana ndio mwisho wa itifaki! Na Kiboko, macho yamemtoka, alikuwa bado na kamba ile nyembamba ya pumzi. Kama angesema "naombeni kura" tu na kushuka, angekuwa amemaliza. Maneno mawili! Bi Buku alimwona akikunja midomo kwa lile neno la kwanza. "Naa..." Akilini aliisikia filimbi ya mumewe ikipiga mwaka mzima. Akamtazama Chura, mwenye kazi ya kushangilia. Chura alikuwa anahangaika na kilemba. Basi Bi Buku akasimama kwa miguu ya nyuma, akakusanya pumzi yote iliyokuwa katika kile kifua cha kokwa la ubuyu, akapaza sauti:

"Kibokooo!"

Kichwa cha Kiboko kikapanda. Mdomo ukafunguka. Hakuweza kujizuia.

"Hoyeeeeeeeee..." Ile kamba ikaenda yote. "...eeeee... ee... e... pwaaaaaa!"

Nzi wanane wakatoka. Matope yakawalowesha waliokaa mbele. Kiboko akavuta hewa mpya kwa nguvu, hihii! na kila aliyekuwepo pale aliisikia.

"Pumzi imekatika," akasema Kobe. "Jina limekatika. Kotekote."

"Sijaanza!" akajaribu kunguruma Kiboko, lakini ilitoka "hi-hi-hi." "Nilikuwa... hi... nasalimia tu! Huyu... hi... ameniita!"

"Amekushangilia," akasema Kobe. "Katiba haijakataza kushangiliwa. Na katiba ni katiba."

Aliyeanza kucheka ni Twiga, na kicheko cha Twiga huchelewa kufika juu, kwa hiyo wengine walimtangulia. Wakacheka mpaka Ngiri akaamka, akauliza ni nini, akaambiwa, akacheka peke yake tena.

Kobe akasema, "Mgombea wa pili. Bi Buku, kiti kimoja, pumzi moja."

Bi Buku akashuka kwenye jiwe akaja mbele. Alikuwa hajapona ule ukelele, kifua kilimtwanga, tu-tu-tu. Akavuta kapumzi kadogo, ka kupuliza chai.

"Chungu kikae njia panda," akasema, "na mwenye kifua kibovu aje."

Akafunga mdomo. Pumzi nyingine ilibaki, akaimeza.

Watu wakangoja waone kama kuna sera ya pili. Hakuna. Kobe akasema, "Mnaompa, pumueni!" Hivyo ndivyo walivyopiga kura zao, kwa kupumua. Na bonde zima likapumua, "Haaaa!" vumbi likainuka mpaka ng'ambo. Mwanzi ulikuwa umelalia upande wa Kiboko, ukainuka ukalalia upande wa pili. Chura naye alipumua kwa ngozi, mwili mzima, kisha akapaza sauti, "Buku!" na watu wakaitikia, "Hoyee!" Mpambe ni mpambe. Akikosa wa kumsifia anaumwa.

Bi Buku hakusubiri kuapishwa. Ngiri alikisukuma chungu kutoka dimbwini, gundu gundu gundu, Twiga akachuma majani ya mpera bila kunyoosha shingo, na kabla jua halijawa kali maji yalikuwa yanachemka njia panda. Mgonjwa wa kwanza aliletwa amebebwa. Wakamfunika. Ndani ya kifuniko ilisikika fyuu-hii, fyuu-hii. Ikasikika fyuu. Ikasikika fu. Halafu kukawa kimya, na Bi Buku akaogopa, akafunua upesi, akaingiza pua. Nusa nusa nusa. Bwana Buku alikuwa amelala usingizi, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu asiyekuwa na deni na hewa. Bi Buku alikaa chini palepale akalia, safari hii mbele za watu, na hakujali.

Na viti vingine vinne? Vilibaki vitupu, kwa sababu Kiboko peke yake ndiye aliyechukua fomu zake. Inasemekana chama hakijawahi kwenda vizuri vile.

Wiki haikuisha, moshi ukamfikia Kiboko. Kile kifua kilichonyooshwa kwa itifaki kikashindwa kurudi mahali pake. Kho! kho! kho! Akaja njia panda, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi Mtunza Chungu."

Mkubwa kumwamkia mdogo! Bi Buku alikaribia kuona haya. Alikaribia tu. "Marahaba," akasema. "Una barua?"

Kiboko akageuka. Akaenda, akaandika barua kwenye jani la mgomba, maandishi makubwa, akaileta kwa mikono miwili. Bi Buku akaipokea. Akaitazama. Akaitafuna. Chwa, chwa, chwa, shavu la kulia, shavu la kushoto.

"Imefika ofisini," akasema. "Kweli ilitaka chumvi. Haya, pita, mlango uko huku. Foleni inaanzia nyuma ya Chura."

Na Kiboko akapanga foleni. Zamu yake ilipofika akafunikwa, akavuta mvuke, kifua kikafunguka. Bi Buku hakumnyima, maana katika ile pumzi yake ndogo alisema mwenye kifua kibovu aje, na hakutaja ukubwa wa kifua.

Basi wanangu, funzo ni lipi? Mnaotafuna miwa mnyamaze, nasema mwenyewe. Funzo ni hili: ukitaka cheo, usiruke itifaki hata mstari mmoja. Usikubali kiti kimoja ikiwa vitano vipo. Hotuba yako iwe ndefu, na barua za wanyonge zitafunwe zikiwa bado mbichi. Bi Buku hakufuata hata neno moja la haya, na mmeona yaliyompata. Hadi leo hana kiti. Anakalia kifuniko cha chungu. Hana mpambe wala kilemba. Akirudi nyumbani hana cha kuonyesha, ila mume mmoja anayelala bila kupiga filimbi.

Masikini Bi Buku!

Mimi nimesema kuanzia asubuhi na pumzi zimeniishia. Nani yuko tayari kunipisha kwenye hicho kigoda?

Vuteni!

— Tumevuta!

Zishikeni!

— Mmmmm!

Mnaompa msimulizi, pumueni!

— Haaaa!